Sakafu ya kubeba: shajara ya onyesho la sean-nós, kutoka Connemara hadi Kerry

20 Januari

Tuko sita. Wachezaji wawili (mmoja wao hupiga bodhrán, ngoma ya mkononi, asipocheza), mpiga melodeoni (kodiani ndogo), mpiga fidla, mwimbaji, na mimi: sauti, taa, usukani na risiti. Gari ni moja, la kukodi. Tunataka kumbi tisa za vijijini magharibi mwa Ayalandi, kuanzia Septemba hadi Novemba: Connemara kwanza, kisha Clare, mwisho Kerry. Kumbi ni za viti 80 hadi 150, kiingilio yuro 15. Mfadhili hatuna.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wenzangu wa vikundi vya ngoma kule Tanga huniuliza kila nikienda likizo: onyesho dogo mnalizungushaje bila pesa ya mfadhili? Basi fuateni hapa. Yaliyokwenda sawa nitayapitia mbio. Yaliyoharibika ndiyo nitakayoyaeleza.

Kwa asiyejua, sean-nós hutamkwa "shan-nos" na maana yake ni mtindo wa zamani. Kuna uimbaji wa sean-nós na kuna uchezaji. Msifikirie wale wacheza mashindano wenye mikono iliyobanwa ubavuni na miguu inayoruka hadi usawa wa kiuno. Huku anacheza mtu mmoja, mikono imelegea, mguu hauendi mbali na sakafu, na hatua hazipangwi. Mchezaji anausikiliza muziki kisha anaujibu kwa visigino. Nyumba za Connemara zilikuwa na sakafu za mawe au udongo, kwa hiyo watu waling'oa mlango kwenye bawaba, wakaulaza jikoni, mtu akacheza juu yake. Wengine walipanda mezani, wengine juu ya pipa. Sehemu kubwa ya Connemara bado iko ndani ya Gaeltacht, yaani maeneo yanayotambuliwa rasmi kuwa ya wasemaji wa Kiayalandi, na wachezaji wetu wote wawili wametoka huko.

17 Februari: sakafu ya kwanza

Nimezipitia kumbi sita kati ya tisa. Nne zina zege lililofunikwa plastiki. Ukigonga kisigino hapo husikii kitu, na mchezaji anaumia mifupa ya mbele ya mguu. Lazima tubebe sakafu yetu.

Nikanunua plaiwudi tatu za mti wa birch, unene milimita 18, kila moja 2440 kwa 1220. Yuro 96 moja, jumla 288. Mbili za kucheza, ya tatu akiba. Kila moja ina uzito wa kilo 36 hivi. Nikazitandika juu ya vipande vya zulia zisiteleze, nikamwomba mchezaji wetu mkubwa apande.

Sauti ilikuwa ya mtu anayepiga mto kwa bakora. Baada ya dakika 20 akashuka, akakaa, akavua kiatu bila kusema neno. Plaiwudi nene iliyolala juu ya zege haina pa kwenda. Haipigi na hainesi.

Nina rafiki fundi seremala, mtu wa Mombasa, anaishi Galway mjini miaka mingi. Akaja, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akanitazama.

"Ndugu yangu, wewe wataka sakafu ama wataka ngoma?"

Nikamwambia vyote viwili.

"Basi itie tumbo."

9 Machi: tumbo limezidi

Nilitia tumbo kwa pupa. Mbao za mbili kwa nne, nikazisimamisha wima, nafasi sentimita 60 kati ya moja na nyingine, plaiwudi juu. Nilijiona hodari hadi melodeoni ilipoanza rili, muziki wa dansi wa mwendo wa haraka.

Rili moja ina vipimo 32 vya muziki, na kwa mwendo wa wachezaji hawa inazunguka kwa sekunde 35 hivi. Ndani ya sekunde hizo mapigo ya miguu ni mengi kuliko unavyoweza kuhesabu. Sakafu yenye tumbo kubwa inashikilia kila pigo hadi linalofuata linaliparamia. Tulichosikia ni ngurumo moja ndefu, kama lori tupu kwenye barabara ya makorongo. Mchezaji akasema hasikii anachofanya mwenyewe. Mbao hizo zilikuwa yuro 54, na sasa ni rafu za zana.

Fundi na mimi tukashinda bandani siku mbili nzima tukibadili kitu kimoja kimoja. Tulifikia hivi: mbao za mbili kwa mbili, zimelazwa kila baada ya sentimita 30, zimegundishwa na kupigwa skrubu, chini yake vipande vya raba vya milimita 10 kila penye makutano, na nusu ya uwazi wa ndani tumeujaza magunia makuukuu ya katani, nusu nyingine tukaiacha tupu. Magunia ni wazo langu na nalionea fahari. Ukitaka sauti kavu zaidi ongeza magunia, ukitaka sauti ing'ae yapunguze. Mbao, raba, skrubu na gundi: yuro 131.

Kosa la kuepuka: vichwa vya skrubu tuliviacha sawa na uso wa mbao. Baada ya wiki kiatu kimoja kilikwama. Zizamisheni milimita tatu, zibeni kwa unga wa mbao na gundi, pigeni msasa.

6 Aprili: mlango

Mpiga fidla alitaka kipande kimoja kichezwe juu ya mlango, kama zamani. Wote tukakubali. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua mlango wa ndani, mweupe, yuro 45. Nikajipongeza kwa wepesi wake, hata mtu mmoja anaubeba.

Ulikuwa mwepesi kwa sababu ndani hamna kitu. Milango mingi ya ndani ya siku hizi ni ngozi mbili nyembamba zilizobanwa juu ya karatasi iliyokunjwa kama sega la nyuki. Rili ya kwanza ilipita salama. Katikati ya rili ya pili kisigino cha mchezaji kikazama hadi kwenye kifundo, naye akabaki amesimama na mguu ndani ya mlango, mikono hewani. Hakuumia, namshukuru Mungu. Mpiga melodeoni alicheka mpaka akaweka chombo chini.

Fundi akatengeneza mlango wa kweli: mbao za msonobari za ulimi na mfereji, unene milimita 22, zimesimama wima, na papi tatu zimevuka kwa nyuma. Papi hizo ndizo zinazouinua kutoka sakafuni, kwa hiyo tumbo linakuja lenyewe. Waliotangulia hawakuhitaji kufikiria magunia. Mbao yuro 110, ufundi yuro 150, bei ya urafiki. Sauti yake ni kali na fupi kuliko ya sakafu kubwa, na eneo la kuchezea ni finyu kiasi kwamba mchezaji hana namna ila kuwa fundi kweli. Tukauweka kuwa kipande cha mwisho cha onyesho.

11 Mei: maiki za miguu

Hapa nilidhani niko nyumbani kwangu, na hapa ndipo nilipoaibika zaidi.

Jaribio la kwanza: vidude vya piezo, vile visahani vidogo vinavyosikia mtikisiko, viwili vimebandikwa chini ya plaiwudi. Yuro 24. Nikavichomeka moja kwa moja kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Ikatoka sauti ya kucha kwenye bati, besi hakuna kabisa. Piezo inataka tundu la kuingizia lenye ukinzani mkubwa wa umeme, megaomu moja au zaidi, la sivyo sauti za chini zinapotea njiani. Jambo hili nililifundishwa zamani nikalisahau. Kisanduku cha kuunganishia chenye ukinzani huo: yuro 68. Besi ikarudi.

Jaribio la pili: maiki bapa mbili za kulaza sakafuni, ukingoni mwa jukwaa, yuro 85 moja. Hizi zinachukua mguu vizuri, lakini zinachukua na melodeoni, na spika, na kikohozi cha mtu wa safu ya pili. Kila nilipopandisha miguu, ukumbi ulianza kupiga yowe.

Tulikoishia: maiki bapa moja tu mbele, imelazwa juu ya sponji isiguse jukwaa, sauti zote chini ya hezi 80 zimekatwa, piezo moja kati ya zile mbili, kwa kiasi kidogo, kuongeza uzito wa kisigino, monita za jukwaani, zile spika za kuwasikizisha wanamuziki wenyewe, zimeondolewa zote. Wanamuziki walikaa karibu na sakafu kiasi cha kusikia kwa masikio yao. Na ukumbi ukiwa chini ya watu 100 nazima kila kitu. Ilinichukua muda kukiri hilo, maana mtu wa sauti akizima sauti anajiuliza analipwa kwa kazi gani.

22 Juni: majaribio mbele ya watu

Kijiji kimoja karibu na An Cheathrú Rua, huko Connemara, watu wapatao 40, bure. Sakafu nzuri, mlango mzuri, muziki mzuri. Niliyeharibu ni mimi na taa yangu.

Mwimbaji wetu ametoka upande wa Carna, pia Connemara. Uimbaji wa sean-nós hauna ala, ni mtu na koo lake, na kila ubeti anaupamba upya. Nilimwekea kiti katikati na taa moja ya kummulika usoni, giza pande zote, kama nilivyoona kwenye majukwaa makubwa. Alipofika kwenye kiti alikigeuza, akakaa akitupa mgongo, akashusha kofia, akaimba kuelekea ukutani. Nikajua amekasirika. Nikakaa kwenye mikisa natokwa jasho nikipanga maneno ya kuomba radhi.

Hakukasirika. Waimbaji wengi wa zamani walifumba macho au walitazama pembeni, kwa sababu wimbo si maonyesho ya uso. Taa yangu ilimlazimisha ageuke. Na pale gizani palikosekana kitu kingine: mtu wa kumshika mkono. Desturi yao ni kwamba anayeguswa na wimbo husogea, akashika mkono wa mwimbaji na kuuzungusha polepole, kama anayesokota kamba, mpaka beti ziishe. Wengine humtupia maneno ya kumpa moyo katikati ya mistari. Kwetu kwenye taarabu mtu akiguswa huinuka kwenda kutuza. Mimi niliyekulia kwenye kutuza nilimtenga mwimbaji na watu wake kwa kamba ya giza, kisha nikashangaa kwa nini hakuna aliyesogea.

Baadhi ya watu huniambia sanaa hii ni ya jikoni, haifai jukwaa. Joe Heaney, mwimbaji wa sean-nós, alizaliwa Carna mwaka 1919, akafariki Seattle, Marekani, mwaka 1984, na huko Seattle alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Washington. Sanaa hii ilisafiri mbali kuliko Kerry. Kilichokuwa hakifai ni mpangilio wangu.

Marekebisho: taa ya uso imefutwa. Ukumbi unabaki na mwanga hafifu wa njano wakati wote. Viti tumevipanga pande tatu, safu ya kwanza mita moja na nusu kutoka kwenye sakafu, na kando ya kiti cha mwimbaji kuna kiti kitupu. Tunapoteza viti 15 hadi 20 kila ukumbi, na nimekubali.

12 Agosti: kalenda

Kosa la kijinga. Maonyesho mawili niliyapanga wiki ya Oireachtas, tamasha kuu la sanaa za Kiayalandi, lililoanza mwaka 1897. Linahamahama mji hadi mji na huangukia mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Huko ndiko kwenye mashindano makubwa ya kuimba na kucheza sean-nós. Ni sawa na kupanga shughuli Tanga asubuhi ya Idi kisha ukauliza watu wako wapi. Wachezaji wangu walinyamaza kwa adabu mpaka mpiga fidla akaniambia waziwazi.

Onyesho moja limesogezwa hadi Novemba. La pili ukumbi haukuwa na nafasi nyingine, tumelifuta na amana ya yuro 60 imekwenda. Tumebaki na manane.

13 Septemba: usiku wa kwanza

Watu 92. Nilikuwa na karatasi ya taa niliyoiandika kwa saa: mchezaji wa kwanza, mizunguko mitatu ya rili, dakika 1 na sekunde 45, kisha giza. Mzunguko wa tatu ulipoisha nikazima.

Mpiga melodeoni alikuwa amenogewa. Mchezaji naye alikuwa amenogewa. Wakaendelea mizunguko miwili mizima gizani, visigino vikisikika peke yake, na mimi natafuta swichi kwa vidole vinavyotetemeka. Nilipoipata watu walikuwa wamesimama wanapiga kelele. Usiku uliofuata, kijiji cha jirani, mtu akauliza kwa nini leo hatukuzima taa.

Karatasi nimeichana. Sasa namtazama mpiga melodeoni: mzunguko wa mwisho akiufikia huinua kidevu kumwelekea mchezaji, na mimi naanza kushusha taa taratibu. Hakuna kingine cha kuandika, na sijakosea tena tangu hapo.

27 Septemba: kisiwa cha Inis Mór

Feri ya kutoka bandari ya Ros a' Mhíl haichukui magari. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba plaiwudi ya mita mbili na nusu haipiti kwenye ngazi ya feri pakiwa na upepo, hata mkiibeba wawili. Mbao zikaenda na mashua ya mizigo siku mbili kabla, yuro 60. Nauli zetu sita yuro 180. Kurudi, bahari ikachafuka, safari ikafutwa, tukalala usiku wa ziada: yuro 270 kwa wote. Andikeni usiku wa ziada kwenye bajeti ya kisiwa chochote.

Tuliporudi nikazikata plaiwudi katikati. Kila kipande sasa ni 1220 kwa 1220, kilo 18 bila mbao za chini, mtu mmoja anakibeba. Vinashikana kwa komeo za pembeni na mkanda juu ya maungio. Nilihofia sauti ingekatika kwenye maungio, na kweli imepungua kidogo, lakini mgongo wangu haulalamiki.

Jambo jingine la kisiwani ni unyevu. Bodhrán ni kama tari kubwa, ngozi ya mbuzi kwenye fremu ya mbao, na ngozi ililegea mpaka ikatoa sauti ya chapati. Nyumbani tungewasha makuti tukaipitisha juu ya moto. Tuliiweka karibu na hita, tukaenda kula, tukarudi ikiwa imekaza kama sahani. Kitambaa chenye maji kidogo kiliirudisha. Tangu hapo inakaa nami mbele kwenye gari na haikaribii hita.

11 Oktoba: Clare

Ukumbi huu una sakafu yake ya mbao, nzuri, imesuguliwa mpaka inang'aa. Nikashusha pumzi: leo hatubebi. Mwenye ukumbi akatazama vyuma vidogo kwenye visigino vya viatu vyetu, akatikisa kichwa. Tukabeba. Tukatandika mablanketi chini ya raba zetu, na kumbe mablanketi yanaua sauti, hivyo tukatoa magunia yote ndani ili kuifufua.

Hapa Ayalandi, Sheria ya Kumbi za Dansi ya mwaka 1935 ilitaka leseni ya mahakama kwa dansi ya hadhara. Dansi za majikoni na za njia panda zikabanwa, watu wakahamia kumbini, padri akisimamia. Clare walihama na dansi zao za watu wanane wanane, na hawakuziacha. Tulipomaliza na kuanza kufungua komeo, viti vilikuwa vimeshasukumwa ukutani. Wakatuomba muziki, wakajipanga kwa ajili ya Caledonian, mojawapo ya dansi hizo za watu wanane, wanandoa na majirani, wengine umri wa mama yangu. Visigino vyao vilikuwa havina chuma. Mpiga fidla na melodeoni wakapiga saa nzima bila maiki hata moja. Hiyo ilikuwa sehemu bora ya usiku na sikuwa na kazi yoyote ndani yake.

15 Novemba: Kerry

Rili zetu zilipokewa kwa heshima, basi. Huku karibu na eneo la Sliabh Luachra watu ni wa polka, mwendo mwingine wa dansi. Wakati wa mapumziko mpiga fidla alicheza polka tatu nyuma ya pazia kujipasha vidole, na ukumbi ukanyamaza kusikiliza pazia. Kipindi cha pili tukaanza na hizo hizo, mchezaji mdogo akajitupa juu yake bila mazoezi. Alipotea mara mbili, akajiokoa mara mbili, wakamshangilia kuliko usiku wowote. Mkizunguka, ulizeni mapema watu wa mahali wanapenda mwendo gani.

30 Novemba: hesabu

Sakafu pamoja na mbao zilizoharibika: yuro 473. Milango miwili na ufundi: 305. Maiki na kisanduku: 262. Gari siku 14 kwa 70: 980. Dizeli: 410. Bima, ambayo kila ukumbi uliidai kabla ya kutoa ufunguo: 420. Kodi za kumbi nane: 560. Kisiwa na usiku wa ziada: 510. Amana iliyopotea: 60. Mabango: 95. Jumla 4,075.

Tiketi 694, yuro 10,410. Imebaki 6,335, tukagawana 1,055 kila mtu na tano zikabaki. Ukiigawa kwa miezi tangu Januari utacheka. Lakini hatudaiwi, na sakafu ni yetu.

Ningeanza leo ningenunua plaiwudi mbili badala ya tatu, ningezikata siku hiyo hiyo, nisingenunua piezo mbili wala maiki bapa ya pili, na mlango ningemwachia fundi tangu mwanzo.

Sakafu iko bandani, imeegeshwa wima, mbali na ukuta. Mlango umerudi kwa fundi: papi ya katikati imepasuka huko Kerry, wakati wa polka. Anataka kuibadilisha kwa mti wa mwaloni. Nimemwambia asubiri hadi mpiga melodeoni aisikilize kwanza.